Pacha Mwenye Baka Begani

Mjukuu wangu Neema,

Huku Uyole wazima, bibi yako yuko kwenye viazi. Hongera kwa mapacha. Unauliza kama saa ya kuzaliwa ya kila mmoja iandikwe.

Tangu utoto nilimwamkia pacha wangu Kulwa, na kuni nikakata mimi Doto, eti yeye ndiye aliyetangulia kuzaliwa. Miaka ya sabini, kijana mwenye hasira, nikapanda basi hadi Iringa, kwenye hospitali tulikozaliwa, kuhakikisha. Kitabu chao kikasema pacha mwenye baka begani, yaani mimi, alitangulia kwa dakika kumi na mbili!

Kulwa aliisoma nakala, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, kaka."

Nililitamani neno hilo miaka yote, nalo likanichoma.

"Marahaba. Moja inatosha, Kulwa. Kesho kuni tunakata wote."

Saa ziandike, mama, ila kuni wakate wote.

Babu yako, Doto