Bahasha Niliyoikalia

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakufikia ukiwa umepata nafuu ya zile dawa, na chakula kinakaa tumboni. Nawasalimu shemeji na wanangu wote. Sisi huku tu wazima wa mwili, ila kazi haiendi. Tangu shemeji anipigie simu kwamba umekutwa na uvimbe wa saratani kwenye titi, nimeshaharibu nguo za wateja wawili. Ningekupigia, lakini kwenye simu ningeishia kuuliza hali tu.

Miaka mitatu iliyopita nilikwambia nimepasuliwa kidole tumbo. Nilikudanganya. Tulipomaliza kumzika mama, daktari wake alinipeleka kwa mshauri wa magonjwa ya kurithi, mwanamke mpole mwenye chumba kisicho na dirisha. Alichora ukoo wetu kwenye karatasi, duara kwa kila mwanamke, akapaka wino waliougua: bibi, mama mkubwa, mama. Nikatolewa damu, na majibu yakaonyesha kwamba nimerithi kasoro ya vinasaba iletayo saratani hiyo. Akasema naweza kuchunguzwa kila mwaka, au kuyatoa matiti yote mawili yakiwa bado mazima. Nikachagua kisu. Mume wangu alisema nimejikatakata bila ugonjwa, akahamia chumba cha watoto hadi leo. Nimejishonea sidiria ya sponji, na wateja wanasema siku hizi nguo zinanikaa vizuri. Nacheka nao.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Siku ile mshauri alinipa bahasha ya pili, yako. Alisema huenda nawe umerithi, nikufikishie upesi ukapimwe. Nikaitikia. Kisha nikaikalia. Sitasema nilisahau. Miezi saba nilimgeuza mama kitandani peke yangu, na kila nilipokuita ulisema huna nafasi. Nikajiambia, basi na mimi sina nafasi. Mshauri alipiga simu mara mbili kuuliza kama umeipata. Mara ya pili nilimjibu kwamba umeipata, na umekataa kupimwa. Akaacha kupiga.

Sikuombi unisamehe. Ila binti yetu mkubwa hapo kwako ametimiza miaka ishirini na mbili. Bahasha yenyewe nimeiweka humu. Mpe yeye aende nayo akapimwe, na akiuliza mbona tarehe ni ya zamani, usinifichie.

Nifikishie salamu kwa yeyote atakayekubali kuzipokea.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi