Harufu ya Papa Kwenye Barafu

Kilburn, London

Dada yangu Asha,

Asalaam aleikum. Goti la mama linampa usingizi sasa? Na wewe presha yako? Miye mwili mzima, roho ndiyo haitulii.

Yule papa mkavu uliyemtuma alifika salama. Kipande kikubwa nilimfichia Salma kwenye begi, ndani ya soksi za sufu. Mwanangu anakwenda huko kaskazini kwenye barafu kuchunguza wanyama, nimwache aondoke hana hata kitu cha kwao? Si ndivyo mama alivyotufanyia sote tukisafiri?

Juzi kapiga simu ya kambini. Unamjua, Kiswahili anakisikia ila hujibu Kiingereza. Siku ile kaanza kwa Kiswahili: "Mama, umeweka nini begini?" Nikajua pana jambo.

Dubu mweupe alikuja mpaka kwenye hema lake. Salma anasema dubu yule chakula chake ni sili, mnyama mnene wa baharini anayepanda juu ya barafu kupumzika. Humvizia hapo hapo. Sasa joto limezidi, barafu inayeyuka mapema, sili kabaki majini na dubu hamuwezi huko. Basi anazurura pwani na njaa yake, anafuata harufu yoyote. Akaifuata ya papa wetu, dada.

"Mkamfanyaje?"

"Tulipiga fataki, akaondoka. Mama, ngozi inamning'inia kama koti la kuazima. Na ana mtoto nyuma."

"Si mngemtupia kipande!"

"Haturuhusiwi. Akizoea kula kwetu atarudi, na akirudi atapigwa risasi."

Yule papa wenzake Salma wamemfungia kwenye pipa la chuma. Lakini Salma bado yuko huko mpaka meli iwafuate, na dubu ameshaijua njia. Msomeeni dua mwanangu, tafadhali.

Msalimie mama, ila haya ya dubu usimsomee. Msalimie shemeji, na mwanao fundi cherehani, mwambie kanzu aliyomshonea mjomba wake wa huku London imemkaa vizuri.

Jana nimetoka kazini, nikatoa kipande kilichobaki nikichome. Nikasikia kitu kinanusa nyuma ya mlango, polepole, kama mgeni anayeona haya kubisha. Nikafungua. Ngazi tupu.

Sikukichoma, dada. Nimekiweka nje, kizingitini, kwa huyo mwenye njaa.

Mdogo wako,
Mama Salma