Jirani Alifiwa Nikiwa Maabara

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie, na kwanza naomba usicheke, maana mimi ni mwanamke wa miaka sitini na sita, mjane, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, ninaishi Kawetele hapa Rungwe, na ninasomea shahada ya kwanza ya kemia. Nasoma kwa masafa, kwa kompyuta ndogo aliyoninunulia mwanangu Erasto aliyeko Mwanza, na mara mbili kila mwaka tunakwenda Mbeya kwa majuma machache kufanya mazoezi ya maabara. Kemia niliipenda tangu nikiwa msichana wa sekondari, siku mwalimu alipozichoma fuwele za buluu za chumvi ya shaba zikageuka unga mweupe, kisha akaudondoshea maji, ubuluu ukarudi, nikahisi nimeonyeshwa kitu ambacho dunia ilikuwa inakificha. Lakini baba akafariki, nikapelekwa chuo cha ualimu, nikaolewa na Asukile wa kiwanda cha chai, maisha yakaendelea mpaka naye akafariki na nyumba ikanyamaza.

Sikujua kwamba mtu anaweza kujifunza mambo mazuri namna hii akakosa wa kumwambia. Jioni moja ukungu umeshuka mpaka migombani na umeme umekatika, ndipo nikaelewa kwamba ndizi iliyoiva hutoa gesi inayoziivisha nyingine, jambo ambalo wanawake wa hapa wanalifanyia kazi kila wanapofunika ndizi, nikatoka nje kutafuta wa kumweleza, nikamkuta dereva wa bodaboda amejikinga mvua barazani kwangu, nikamweleza yote, naye akaniambia, "Sawa bibi," akavaa kofia yake akaondoka na mvua bado inanyesha.

Kawetele sikumwambia mtu kwamba ninasoma, hata Debora, jirani yangu wa miaka yote, ambaye migomba yake na yangu haina hata uzio katikati. Mimi si mzaliwa wa hapa. Tulivuka mto Songwe kutoka Malawi nikiwa na miaka saba, baba akiwa amekosana na wakubwa wa kule, na alitufundisha kwamba mgeni asitangaze mipango yake, kwa sababu akishindwa atachekwa mara mbili. Kinyakyusa nakisema vizuri kuliko lugha ya mama yangu, ambayo siku hizi naiota tu, tena nusunusu, lakini bado nikipita husikia mtu akimweleza mwenzake kwamba yule ni wa kutoka Malawi. Kilichonifanya mtu wa hapa ni misiba. Nimelala chini na wafiwa, nimechota maji, nimepika vyungu vya watu nisiowajua majina, na Asukile alipofariki Debora alilala ubavuni mwangu mpaka matanga yakaanuliwa.

Basi mwaka huu, nikiwa Mbeya, mume wake Debora, mzee Lutufyo, akafariki ghafla. Wakati huo nilikuwa nimesimama mbele ya bureti, ule mrija wa kioo wenye koki, na mwenzangu wa meza, Gloria, binti wa umri wa wajukuu zangu, tunadondosha tone kwa tone kwenye chupa huku tukisubiri rangi ya waridi, na sitakudanganya mshauri, nilikuwa na furaha. Gloria akaniambia, "Bibi, funga koki, imeshika," nikafunga, rangi ikabaki hafifu kama inavyotakiwa, tukagongana viganja kama watoto waliofunga goli. Nilipochukua simu yangu kabatini nikakuta Debora amenipigia tena na tena, yeye mwenyewe, si watoto wake. Sikumpigia. Nilimpigia binti yake, ndiye akaniambia. Nikawaza kwamba nikirudi nitatakiwa nilale msibani hadi mwisho, na nikiondoka katikati nitaulizwa ninakwenda wapi, na zoezi ukilikosa unasubiri mwaka mwingine, na muda niliopewa na chuo kumaliza shahada unakaribia kwisha. Nikanunua unga na sukari, nikampa dereva wa gari la kwetu Tukuyu, nikatuma ujumbe kwamba niko Mbeya, nina shughuli.

Niliporudi matanga yalikwisha kuanuliwa. Nikaenda kwa Debora kwa mlango wa jikoni, kama siku zote, naye akatoka akanizungusha mpaka mlango wa mbele, akafuta kiti sebuleni kwa khanga yake. "Karibu kiti, Mwalimu," akaniambia. "Pole na safari."

Mshauri, miaka yote ananiita Mama Erasto. Aliniletea chai kwenye sinia, akaniuliza hali ya hewa ya Mbeya, na nilipotaka kumtaja marehemu akasema, "Ndaga, asante, unga tuliupata," kisha akainuka kuangalia kuku. Siku chache baadaye nilikuwa kwenye mashine ya kusaga, na Esnath, yule anayesimamia wapishi misibani, akanipigia kelele kutoka kwenye foleni, "Mwalimu, ule unga wako tulikuwa nao msibani, ulilia kuliko sisi sote." Wanawake wote wakacheka, nami nikacheka pamoja nao, nikarudi nyumbani na mahindi yangu bila kusaga.

Sasa mazoezi ya mwisho ni mwezi ujao, na hapo kwa Debora Bibi Elina, mama yake marehemu Lutufyo, ni mgonjwa wa kitandani, hali chakula. Nikienda Mbeya naye akafariki nikiwa huko, hapa nimekwisha. Nisipokwenda, shahada imekwisha. Erasto ananiambia nihamie Mwanza, lakini mimi nimeshahama mara moja katika maisha yangu na sitaki tena. Niache kusoma? Maana nikifa hapa, nani atalala chini kwa ajili yangu?

Mama Erasto, Kawetele

*

Shikamoo, Mwalimu. Nimekuamkia kabisa, kwa sababu baada ya hapa nitakugombeza.

Kusoma kwako hakuna kosa, na kufurahi mbele ya ile bureti hakuna kosa. Hukujua kwamba mtu amefariki. Mwanamke aliyebeba hamu ya kemia tangu usichana na bado akaikuta iko hai anastahili viganja vya Gloria, na hata vyangu. Upweke wako nimeuelewa, na yule dereva wa bodaboda Mungu amsamehe.

Kosa linaanza ulipochukua simu. Mfiwa amekupigia kwa mkono wake, siku ambayo wengine wanampigia yeye, na wewe ukampigia binti yake. Debora hakuwa anakupa taarifa. Alikuwa anamtafuta mtu wake. Unasema ulihofia kuulizwa unakwenda wapi. Mbeya na Tukuyu si nchi mbili, Mwalimu. Gari la jioni lingekufikisha, ungelala naye usiku mmoja, ungemwambia sikioni, "Kesho nina zoezi la maabara, nitarudi," na gari la alfajiri lingekurudisha. Angekuruhusu. Huamini hilo kwa sababu hukuwahi kumpa nafasi ya kukuruhusu jambo lolote.

Halafu soma tena barua yako. Umeniuliza nani atalala chini kwa ajili yako. Hukuniuliza hata mara moja nani alilala na Debora. Mumewe umemtaja kama tukio lililogongana na ratiba. Nadhani ulimpenda mzee Lutufyo, ila hofu yako imekaa mbele ya huzuni yako, na Debora ameiona hofu tu.

Mafundisho ya baba yako nayaheshimu. Mtu aliyekimbia nchi akiwa na watoto ana haki ya kunyamaza. Lakini wewe umeishi hapo karibu miaka sitini, na wanawake wale hawajakukasirikia kwa kuwa ni mgeni. Mgeni hangetaniwa kwenye mashine ya kusaga. Esnath amekukasirikia kama mtu wa hapo aliyetoroka zamu yake, na hilo, ukilitazama vizuri, ni afadhali kuliko unavyodhani.

Shahada usiiache. Ukiiacha kwa ajili yao utakaa hapo migombani ukiwachukia kimyakimya, nao hawatajua wamekukosea nini.

Nenda kwa Debora mikono mitupu. Usibebe sukari. Ukipewa kiti, kaa chini. Mlilie Lutufyo kwanza, usitangulize maelezo, maana hujamlilia. Ukimaliza ndipo umwambie unasoma nini, kwa miaka mingapi, na kwamba simu yake uliiona ukaogopa. Usiseme ulikuwa na shughuli. Atakasirika, tena huenda akakutolea maneno ambayo hujawahi kuyasikia kwake. Yasikilize mpaka mwisho, kwa sababu mtu anayekugombeza amekwisha kuacha kukuuliza hali ya hewa.

Bibi Elina yuko hai. Mbona unamhesabia siku zake kana kwamba ni tarehe ya mtihani? Kuanzia kesho shika zamu ya kumwosha na kumgeuza, akiwa bado anasikia sauti yako. Kisha mpigie simu mkuu wa maabara sasa hivi, kabla ya mazoezi, umweleze kwamba una mgonjwa nyumbani na huenda ukahitaji ruhusa ya usiku mmoja. Siku ya kuondoka waage Debora, Elina na hata Esnath, kwa mdomo wako, na uwaambie siku ya kurudi. Likitokea la kutokea ukiwa Mbeya, panda gari siku hiyohiyo.

Jambo la mwisho. Majina ya watu nimeyabadilisha, lakini sijidanganyi: wajane wangapi hapo Kawetele ni walimu wastaafu waliotoka Malawi wakiwa watoto? Barua yako inatoka gazetini Jumamosi, na mchana wake Rungwe yote itakuwa imeisoma. Ndiyo maana jibu hili nimekutumia kwa simu leo, Jumatano. Una kesho na keshokutwa. Binti yake Debora anajua kusoma, Mwalimu, na mama yake hapaswi kuyasikia haya kwa binti yake.