Kona ya Kinyerezi Niliyoichora Ili Ikuumize

Kaka Elia,

Ujumbe wangu hufungui, kwa hiyo nakuandikia hapa, kwenye ukurasa ambao watu walikuwa wanapakulia ile barabara yangu ya gemu. Nimeiondoa leo asubuhi. Watakaokuja kuitafuta watakuta barua hii, na mmoja wao atakufikishia, najua. Mie ambaye wageni wakija najifanya nafua nguo, leo naongea mbele ya watu nisiowajua.

Unakumbuka tulivyoanza? Kompyuta ya baba inaunguruma kama blenda, sie wawili kiti kimoja, tunajifunza kutengeneza barabara za gemu ya magari. Ya kwanza ilikuwa mtaa wetu. Ulinituma nje nikapime upana wa njia kwa hatua. Nikaona aibu majirani wakinitazama, nikahesabu nusu, nusu nikakisia. Duka la Mama Asha likatokea katikati ya barabara. Ulicheka mpaka ukakaa chini. "We mtoto, umemfungia mwenzio biashara!"

Tukagawana kazi. Mie nachora lami, kuta, miti. Wewe unajaribu, na kujaribu kwako kulikuwa ni kugonga. Uligonga kila ukuta, kwenda na kurudi, ukitafuta tundu ambalo gari lingepenya na kudondoka chini ya dunia ya gemu. Ukilipata, nyumba nzima inasikia: "Fundi! Njoo uzibe!" Ni wewe peke yako uliyeniita fundi.

Wengine wote walijua barabara ni zako. Shuleni ni Kiingereza, nyumbani ni Kiswahili, na mie bubu kwa lugha zote mbili. Wewe ulikuwa na maneno ya kututosha sote. Rafiki zako Rama na Kelvin wakija, wewe ndiye unayewasha, unaeleza, unaonyesha kona. "Elia noma sana!" Mie napita na trei ya juisi. Hukuwahi kuwadanganya, kaka. Ulinyamaza tu.

Kisha ikaja ile ajali yako ya pikipiki. Mvua, kona ya kwenye uzio wa mitambo ya gesi ya Kinyerezi, nguzo ya umeme. Ulirudi kutoka hospitali na mkono wa kushoto usio na nguvu, gumba halikunjiki. Mie ndiye niliyekuwa nakufunga vifungo vya shati. Nilikuhurumia kweli, naomba hilo uliamini. Niliendelea kukuhurumia mpaka Jumapili ile tumetoka kanisani, Kelvin akaja kula kwetu. "Shikamoo mama. Mwanao jembe huyu! Anatengeneza barabara kwa mkono mmoja!" Mama akafuta machozi, akakushika bega. Nikakutazama nikisubiri useme. Ukatazama sahani yako.

Kesho yake nikaanza kuchora ile kona.

Nilienda pale mara tatu nikitoka shule. Safari hii sikukisia. Nilihesabu kila hatua nikiwa na sare yangu ya shule, bodaboda wananipigia honi, wala sikujali. Nilipiga picha uzio, mfereji, nguzo. Wiki tatu nilichora. Ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya, na niliifanya ili ikuumize.

Gari likitoka barabarani, gemu hulirudisha mahali ambapo mtengenezaji amechagua. Sie siku zote tulilirudisha baada ya kona, mtu aendelee na safari yake. Hapa nililirudisha nyuma yake. Hatua chache tu kabla, pua ya gari ikiielekea, ili kila ukishindwa uanze kuitazama upya.

Jumamosi mchana Rama na Kelvin wamejaa kwenye kochi, nikakupa padi ya kuchezea. "Kaka, nijaribie hii. Nimeitengeneza mwenyewe." Sikuwahi kusema maneno mengi kiasi hicho mbele yao.

Ulipouona uzio ulipunguza mwendo. Gari likasimama kabisa.

"Oya, mafuta yameisha?" Rama.

"Kanyaga babu! Unaogopa katuni?" Kelvin.

Ukakanyaga. Kona ile inataka gumba la kushoto, lile linalogeuza gari, likaze. Ukaingia mtaroni. Gemu ikakurudisha. Ukaingia tena. Mara ya tatu walikuwa bado wanacheka, wanapigana mapaja. Ya nne Kelvin akaitambua sehemu, akamgusa Rama bega. Rama akasema, "Basi kaka, achana nayo." Hukuachana nayo. Swichi ya ukutani ilikuwa karibu na mkono wangu, ningeweza kuizima. Mara saba, Elia. Nilihesabu. Nilikuwa najisikia vizuri, na hilo ndilo nililoshindwa kumwambia mtu yeyote hadi leo. Mpaka ya saba nilikuwa najisikia vizuri.

Ukaweka padi mezani taratibu.

"Nguzo umekosea," ulisema. "Hiyo uliyopima ni mpya, wameisimika baadaye. Ile yenyewe ilikuwa huku, kwenye mdomo wa mfereji. Ingekuwa hapo ulipoiweka, siku ile ningepita."

Hukufoka. Ulisema vilevile ulivyokuwa unaniambia kuna tundu ukutani. Ukaenda chumbani.

Na mie nikaihamisha nguzo. Glasi za juisi bado ziko mezani, nikaivuta mpaka mdomoni mwa mfereji, pale uliposema, nikaipandisha barabara mtandaoni kwa jina langu peke yangu. Watu wakaipenda. Wakaandika kwamba nguzo ile ni ya kishetani, kwamba aliyefikiria kuiweka pale ana kipaji. Nilikuwa nasoma sifa hizo huku nasikia zipu ya begi lako chumba cha pili. Ulimuaga mama, ukamuaga baba, ukaenda kwa shangazi, kule Moshi. Mlango wangu uliupita.

Nilitaka watu wajue kazi ni ya nani. Basi wajue na hii. Nyie mlioisifia ile nguzo, mliisifia sehemu kaka yangu alipovunjikia mkono.

Sijatengeneza kitu cha maana tangu uondoke. Najaribu mwenyewe, lakini nikishachora ukuta najua pa kuukwepa, sipati tundu hata moja, halafu watu wakicheza wanadondoka. Kuna siku nalia na sijui kama nakulilia wewe au naililia kazi. Nakuambia hivyo kwa sababu ndivyo ilivyo.

Juzi nilikuwa nakata vitunguu, mama akawa anakupigia simu. Akakubembeleza uje Krismasi. Mama hajui kilichotokea sebuleni, anadhani ulifuata hali ya hewa. Nikamsikia anajibu kwa furaha, "Yupo! Aende wapi huyu?" Nikajua umeuliza nini. Kisha akaitazama simu. "Anasema tusimsubiri," akaniambia.

Nimemwambia Krismasi hii nitaenda kwa bibi, Same. Amelalamika kweli, anataka sababu, na sababu ataisoma hapa kama wengine. Tiketi baba ameshanikatia. Shangazi amsalimie Mungu kwa ajili yangu akipiga magoti, na wewe uendelee kuunyoosha huo mkono kila siku hata ukiuma.

Njoo nyumbani, kaka. Sitakuwepo.

Mdogo wako