Sura Ambayo Haimo Kitabuni

Krishnanagar,
Jumapili, mvua haijakatika

Dada yangu mpendwa Malabika,

Nakuinamia na kugusa miguu yako, ingawa wewe uko Siliguri nami niko huku. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji, na kwamba mtoto kikohozi kimemwacha. Sisi hatujambo. Mama magoti yanamsumbua kwa sababu ya unyevu, lakini anapanda ngazi na kushuka vilevile, na ukimwambia apumzike anakuuliza nani atapika. Baba anakusalimu. Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu simu iko kwa majirani, akina Poddar, na mtu akiishika pale nyumba nzima inazima redio ili imsikilize.

Dada, kuna jambo sijamwambia mtu yeyote. Nimechoka na vitabu. Mimi, niliyekuwa nikichapwa kwa kusoma chini ya meza wakati wa kula. Mama anawaambia majirani kwamba binti yake ameanza kazi moja kwa moja kutoka shuleni, tena kazi anayoipenda, analipwa kwa kusoma. Mimi nainamisha kichwa, nao wanadhani ni haya zangu za siku zote. Kumbe nikiona kitabu kipya kinafunguliwa najisikia kama mpishi wa harusi aliyepakuliwa wali.

Nikueleze tangu mwanzo, maana katika barua zangu nimekuwa nikikuandikia ya hali ya hewa tu.

Kaka Prabir, mwenye duka la vitabu, aliniajiri nifute vumbi na kufunga vifurushi. Mlangoni pake kuna ubao, na kila wiki huandikwa juu yake kitabu kipya ambacho mmoja wetu amekisoma akakipenda, pamoja na jina la aliyekipenda. Likiandikwa jina langu, watu wanapita kama wanavyopita tangazo la dawa ya minyoo. Likiandikwa jina la Mzee Nirapada, kitabu hakimalizi wiki. Yeye yuko dukani tangu enzi za marehemu baba yake Kaka Prabir. Hasifu kwa maneno makubwa. Humwangalia mteja, humuuliza nyumbani wanaendeleaje, kisha humwambia, kama anayemnong'oneza habari za jirani, kwamba katika kitabu hiki kuna mwanamume anayeuza ng'ombe wake kisha anamfuata mnunuzi njia nzima, hawezi kurudi. Mteja anatoa pochi.

Sasa, Mzee Nirapada haoni. Anaona mwanga, anaona mtu kama kivuli, basi. Adhuhuri moja, duka limefungwa na Kaka Prabir amekwenda kwake kula na kulala, aliniomba nimsomee ukurasa mmoja kwa sababu miwani ameisahau nyumbani. Kesho yake tena kaisahau. Siku ya tatu akaniambia miwani iko usoni pake, nisijifanye sikuiona, ila haina kazi tena. Akaniomba nisiseme. Anaishi kwa mpwa wake, na mke wa mpwa huyo husema kwa sauti kwamba mzee asiyeleta mshahara ale mapema, wageni wasimkute mezani. Nikaelewa. Ile kazi ndiyo sahani yake.

Basi tangu hapo kila adhuhuri nilimsomea, yeye akisikiliza huku kidevu kakiinua, na jioni akawasimulia wateja. Tulisoma nakala mbovu, kama wafanyakazi wa maduka ya vitabu wote wanavyofanya: zilizochanika, zilizolowa, zilizokosewa kushonwa, zisizoweza kuuzwa. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Kilikuja kitabu kipya kiitwacho Mke wa Mwashi wa Ranaghat. Ni habari za Kusum, ambaye mumewe amekwenda Assam kutafuta kazi, naye kaachwa na mama mkwe anayefungia unga na mafuta na kumwita mguu wa mkosi. Tulifika pale mama mkwe anapoanza kuugua. Nikafungua ukurasa, nikakuta yale yale tuliyoyasoma juzi. Mshonaji alikuwa amerudia mkunjo mmoja wa karatasi na kusahau mwingine, kurasa kumi na sita zikawa hazipo. Baada yake, mama mkwe ameshakufa, ameshachomwa na majivu yameshatupwa mtoni.

Ningeweza kusimama na kutafuta nakala nzima rafuni. Joto lilikuwa kali, nilikuwa nimesoma tangu duka lilipofungwa, miguu ilikuwa imekufa ganzi. Naye akasema taratibu, "Endelea, mama." Nikaendelea. Macho nimeyaweka kwenye karatasi iliyosema mambo mengine kabisa, nami nikamsomea hivi.

Kwamba mama mkwe alimwita Kusum ampake mafuta nywele na kumchana, yeye ambaye hakuwahi kumruhusu aguse kichwa chake. Kwamba alikaa amempa mgongo ili asimwone usoni. Kwamba alimwambia: mimi nilipoletwa katika nyumba hii mama mkwe wangu alinificha chumvi, nikaapa kwamba nikimpata wa kwangu nitamtendea wema, lakini wewe siku ya kwanza uliingia unacheka, na kile kicheko nikakionea wivu, nikakitafuta mpaka nikakiua. Kisha akamwambia, cheka kidogo nikusikie. Kusum akajaribu, kicheko kisitoke.

 Jioni ile kitabu kikaandikwa ubaoni, na kila mteja alisimuliwa zile nywele. Nakala zote zikaenda, Kaka Prabir akaagiza nyingine Kolkata. Mimi nilikuwa nafunga vifurushi, siinui macho.

Aliyerudi ni Mama Bagchi, mkewe mkuu wa stesheni, mwanamke anayesoma hata karatasi alizofungiwa karanga. Aliingia mvua ikimchuruzika, akakiweka kitabu juu ya meza.

"Nirapada, nywele ziko wapi? Nimekisoma mara mbili. Huyu mama mkwe wako anaumwa, anateleza kwenye ngazi za bwawa, anakufa. Hakuna aliyemgusa kichwa."

Mzee alicheka, akasema labda ameruka kurasa kwa haraka ya kwenda kupika. Kaka Prabir, aliyekuwa akifanya hesabu zake, alisogea na kumwambia amwonyeshe basi huyu mama, yaishe. Mzee Nirapada akakichukua kitabu. Akakisogeza karibu na uso, akafunua polepole, akafunua tena, kisha akaweka kidole kwa uhakika na kusema ni hapa. Kidole chake kilikuwa kwenye ukurasa wa mwisho, penye matangazo ya vitabu vya mitihani.

Kaka Prabir alikitazama kidole. Halafu akamtazama mzee machoni. Nikaona anaanza kuelewa, na nikaona vilevile kwamba bado angeweza kufikiri ni akili za mzee zimeanza kuvurugika, jambo ambalo ni baya zaidi. Wakati huohuo Mama Bagchi akasema kama nywele hazimo humu, yeye hana ugomvi, apewe hicho kitabu kingine zilimo.

Dada, wanijua. Shuleni nilikuwa radhi kuandikwa kwamba sikuja kuliko kuitikia jina langu. Lakini nilisema, na duka zima likasikia: "Hazimo kitabuni, mama. Kurasa zilikosekana. Mimi humsomea, na pale nilitunga."

Basi yote yakatoka. Kaka Prabir aliuliza tangu lini, mzee akamjibu macho yalianza kufifia tangu mvua za mwaka juzi. Kaka Prabir si mtu mbaya. Alisema kwa upole kwamba baba mdogo, ndivyo anavyomwita mzee, apumzike nyumbani mpaka sikukuu ya Puja ipite, kisha tutaona. Sote tunajua maana ya tutaona. Mzee Nirapada akavua miwani yake, akaikunja, akaitia mfukoni kama mtu anayerudisha ufunguo.

Mama Bagchi ndiye aliyeketi. Alisema haondoki. "Ukimpeleka nyumbani, Prabir, nani ataniambia nisome nini? Wewe? Baba yangu alipofariki ulinipa kitabu cha kufuga kuku."

Kaka Prabir akajitetea kwamba kile cha kuku kilikuwa kinauzika sana. Lakini alikuwa ameshaona aibu, na kesho yake aliandika ubaoni kwa mkono wake mwenyewe: Mzee Nirapada amesomewa, naye amekipenda. Tulidhani hakuna atakayenunua. Wananunua. Kwa hiyo yuko, angalau mpaka Puja, nami kusoma sasa ni kazi ninayolipiwa. Ikifika jioni sauti imekwisha, nikifika nyumbani mama ananisemesha namjibu kwa kichwa.

Na wananisifu, dada. Hilo ndilo linanichosha kuliko sauti. Kaka Prabir anataka nitunge hadithi ichapwe katika toleo la sikukuu la jarida. Mama Bagchi ananiletea sarbhaja, vile vitamu vya maziwa, anasema mwandishi lazima ale vitamu. Nakula nikiangalia chini. Mzee Nirapada peke yake hakunisifu. Jioni moja nikimvusha barabara chini ya mwavuli aliniambia, "Umri wako hautungi vile, mama. Yule bibi alikuwa wa nani?" Nikamwambia kuna dimbwi mbele yake, aangalie. Akalikwepa dimbwi, wala hakuuliza tena.

Alikuwa wetu. Ni bibi, dada, mama mzaa baba.

Wewe ulikuwa bwenini. Mimi nililazwa chumbani kwake, ndani ya chandarua, wakadhani nimelala. Mama alimpaka mafuta, na yale niliyomsomea Mzee Nirapada ndiyo niliyoyasikia, neno kwa neno, mpaka pale pa cheka kidogo nikusikie. Mama hakuweza. Asubuhi bibi akawa amekwisha kufa. Katika barua yako ya mwisho umesema huji kwenye kumbukumbu yake mwaka huu, huwezi kumwashia taa mwanamke aliyemlaza mama yetu na njaa. Ni kweli alimlaza na njaa. Sikuambii uje. Nakuambia tu kwamba alijua.

Kuna kipande sikumsomea mzee, na wala sitamsomea mtu. Wanaume waliporudi kutoka kuchoma maiti, wameshaoga, nyumba imenyamaza, nilikwenda jikoni kutafuta maji. Mama alikuwa mbele ya jiko, mgongo kwangu, peke yake. Alikuwa anajaribu kucheka. Anaanza, kicheko kinakatika, anaanza tena. Nikarudi na kiu yangu.

Msalimie shemeji, mbusu mtoto mashavu yote mawili. Mama anasema ulete mtungi wa achari ukija, na usipokuja uutume. Barua hii ichome ukishaisoma, na nakuomba sana, mama asijue kwamba nilikuwa macho.

Ni mimi mdogo wako,
Ketaki