Zimwi la Shangazi Mwavita Halinyamazi

Shangazi yangu Mwavita,

Wamekataza hadithi zako. Nakuandikia upesi ili habari hii usije ukaipata kwa mtu mwingine akaitia chumvi. Padiri amekataza, shefu wa kijiji ameitika kwa kichwa, na mimi, mwana wa kaka yako, katekista wa kanisa hili la majani, ndiye niliyepewa karatasi niisome mbele ya watu. Nimeshaisoma. Ngoja nikueleze ilivyokwenda, halafu ucheke au ulie, upendavyo.

Tangu tukuzike, pamba imezaa vibaya sana, yaani imezaa mno. Munitere, yule karani wa serikali anayesimamia mashamba, hatuachii pumzi. Wanawake wanashinda chini ya paa la ghala wakichambua, nyeupe huku, yenye madoa kule. Mahali pako palibaki wazi, hakuna aliyethubutu kupakalia. Mpaka siku moja Mama Feliksi akaniita nikipita: "Katekista, weye ulikula hadithi zote za shangazi yako. Kaa hapa, uzitapike!"

Nikakaa. Nikafanya kama ulivyokuwa ukifanya: niling'oa unywele mmoja wa kope nikaufukia chini ya jiwe, maana hadithi ya mazimwi haisimuliwi mchana hivihivi tu. Wakacheka kumwona mwanaume mzima, rozari shingoni, anang'oa kope na machozi yanamtoka.

Nilianza na ile ya bwana harusi. Amekuja kutoka mbali, mrefu, ngozi laini, hana kovu popote. Ulitufundisha kuogopa papo hapo. "Mutu asiye na kovu hata moja," ulikuwa ukisema, "amelala wapi siku zote hizi?" Sisi sote tunajua kwamba ni zimwi, ila bibi harusi hajui. Mdogo wake mwenye upele anamfuata nyuma akimwambia, "Dada, mume wako iko na meno kisogoni," naye anamfukuza kwa mawe: nenda huko, unanuka! Wanawake wanasaga meno. Na kila mara ni vile vile. Hakuna aliyewahi kumsikiliza mtoto wa upele, na hakuna bibi harusi aliyekimbia bila kurudi kuchukua ushanga aliousahau.

Nilipokuwa kijana nilikuuliza kwa nini usimpe yule dada akili walau mara moja. Ulinijibu, "Baba," maana uliniita hivyo kwa kuwa nabeba jina la baba yako, "akiwa na akili, nyinyi mutakuwa na kazi gani? Mwache awe mupumbavu, ili nyinyi mupige kelele." Na kelele tulizipiga. Acha ushanga! Acha, mwana! Siku zile zako, Mama Feliksi, aliyekuwa hafungui kinywa tangu azike kitinda mimba wake, mimi kwa masikio yangu nilimsikia akimgombeza yule bibi harusi kwa sauti ya kupasua chungu. Kesho yake alichukua jembe akaenda shambani. Hilo Padiri hakuliona. Mimi nililiona.

Halafu kulikuwa na kile kimya chako. Zimwi likishafika mlangoni, likinusa, likisema kwa pua, "Nasikia harufu ya mutu," unanyamaza. Unainua mkono. Unatutazama mmoja mmoja. Na sheria yako tuliijua: tusipoitika sote "Twende!", hadithi inakatika palepale, zimwi linabaki mlangoni na uhai wake, na kila mtu anaenda kulala nalo. Basi hata yule aliyejifunika uso kwa kikwembe aliitika. Hukutuburuta, Shangazi. Sisi wenyewe ndio tuliosema twende.

Sasa, siku ile pale ghalani nilikuwa nimefika hapohapo. Mkono juu, watu kimya, hata nzi unamsikia. Munitere akaja kwa nyuma na viatu vyake vya mpira. Akakohoa.

Ee Mama! Walipiga yowe lililoangusha vikapu. Pamba nyeupe ikaingia kwenye tope, wanawake haoo, na munitere, bila kujua anakimbia nini, akakimbia pamoja nao. Tena alitangulia! Kofia ilibaki chini. Mama Feliksi akamwita: "Bwana munitere, rudi, zimwi lingali ndani ya hadithi!" Kicheko hicho nadhani kilisikika mpaka Lusangi.

Lakini mtu aliyechekwa hasamehe upesi. Alipanda baiskeli mpaka misheni, akasema katekista anatia watu wazimu, wanaacha kazi ya serikali. Padiri akaja. Sitamtukana mtu huyu, amebatiza watoto wangu wote, na wewe mwenyewe alikupaka mafuta matakatifu. Aliniambia kwa upole kwamba hofu ya mazimwi inawarudisha watu gizani, na Mkristo amwogope Mungu peke yake. Akanipa ile karatasi.

Jumapili nikaisoma. Nilisoma vizuri mpaka nikafika mahali palipoandikwa "hadithi za marehemu Mwavita, zilizopotosha roho nyingi." Waliandika jina lako, Shangazi. Nikanyamaza. Jasho lilikuwa likiniingia machoni, nikainua mkono nilifute.

Na kanisa zima, wanaume kwa wanawake, hata wazee wa mbele wanaosinzia, wakaitika kwa sauti moja: "Twende!"

Sikupanga, Mungu ni shahidi. Wao pia hawakupanga, niliwaona wakiziba vinywa kwa viganja. Ni miaka yako yote uliyowazoeza. Kisha upande wa wanawake mmoja akashindwa kujizuia, na kicheko kikapita kanisani kama moto kwenye nyasi kavu.

Padiri alikuwa mwekundu. Baada ya misa aliniita katika kile chumba cha mavazi, akaniambia neno moja tu: Jumapili inayokuja nisimame niseme kwa kinywa changu kwamba hadithi zako ni za Shetani, na kwamba nazikataa. Nikishindwa, niache kengele, kitabu na nyumba ya katekista.

Wiki ile nilisali kuliko siku zote. Unaikumbuka ile picha ya jehanamu iliyotundikwa karibu na mlango, watu ndani ya moto na mashetani wenye mikuki? Naamini jehanamu, usinicheke. Lakini nimekaa nikawaangalia watoto wakiitazama. Hawapigi kelele. Hawashikani mikono. Hawacheki baadaye. Kila mmoja anaogopa peke yake na kwenda na hofu yake kwao, na hakuna anayemwuliza kama aendelee au aishie hapo. Hofu yako tuliila pamoja, mikono yote katika sinia moja, na ilikuwa na mwisho: mtoto wa upele anakata kidole kidogo cha zimwi, na wote waliomezwa wanatoka, na mbuzi wao, na kuku wao, wakilalamika joto la tumboni. Tuliokuwa tukitetemeka tulicheka mpaka mbavu zikauma. Kwenda nyumbani hakuna aliyetaka kuwa wa mwisho kwenye njia, na kesho tulirudi tena tukuombe lile lile. Nafikiri munitere alikasirikia jambo hilo zaidi ya kofia yake. Watu waliozoea kulitazama zimwi usoni hawainamishi macho haraka.

Na mitume je? Walipomwona Bwana anatembea juu ya maji usiku, walidhani ni mzuka wakapiga yowe, watu wazima wenye ndevu. Hakuwatoza faini kwa yowe lile. Aliwaambia wasiogope, akapanda chomboni mwao.

Veronika mke wangu, unajua jinsi alivyokuwa akiziba masikio ukianza, ndiye aliyenimaliza. "Ukimutukana shangazi yako pale mbele," alisema akipepeta mchele bila hata kunitazama, "usirudi kula humu ndani." Basi.

Jumapili nikasimama. Nilikuwa nimetunga maneno mengi, yote yakanikimbia. Nikasema, "Shangazi yangu alikufa na sakramenti zote. Hadithi zake zilitutia hofu, na zilitutoa hofu. Mimi sitazitukana." Nikaweka kitabu mezani, nikaenda kukaa katikati ya wanaume. Aliyekuwa karibu alisogea akanipa nafasi kwenye gogo. Wakati wa komunyo nilipofika mbele Padiri alisita kidogo. Kisha akanipa Mwili wa Bwana. Kwa hilo namshukuru, nami namwombea.

Lakini sijutii. Nataka ulijue hilo waziwazi. Kengele inapigwa na kijana aliyeletwa kutoka Wamaza, anaipiga kama mtu anayefukuza ndege shambani. Sisi tumehamia katika nyumba yako, nimebadilisha majani ya paa upande ule uliokuwa ukivuja. Munitere amenipimia shamba la pamba kwenye mawe matupu. Nalima. Mgongo unauma, usiku nalala fofofo. Ghalani amewekwa kapita, msimamizi wa kuzuia maneno, kwa hiyo hadithi zimehamia mtoni, pale wanawake wanapoloweka mihogo. Na anayesimulia, Shangazi, ni Veronika! Anakosea wimbo, na zimwi lake lina pua zaidi ya lako, lakini juzi binti mmoja alikimbia akaacha kikapu chake majini. Padiri anajua. Shefu anajua. Wakija kutufukuza mtoni, tutakwenda shambani. Watachoka wao kwanza.

Siku ya kuwaombea Wafu imekaribia. Padiri atakuja kubariki makaburi. Sijui kama lako atalinyunyizia maji au atalipita, shauri lake. Mimi nitakuwa nimeshapalilia asubuhi, nitapiga magoti pale pamoja na wanangu wote, na nitasali sala za wafu kwa sauti, nazijua bila kitabu. Nitalitaja jina lako zima, Maria Mwavita binti Kalenga, mpaka wapita njia wa barabara ya Kabambare wasimame waulize ni nani huyo. Hiyo ni ahadi. Na kila mwaka Mungu atakaonipa, nitafanya vivyo hivyo. Anayetaka jina hilo lisisikike, aje aniambie pale pale, mchana mweupe, mbele ya watu wako.

Pumzika, Shangazi. Kazi yako iko mikononi mwetu, na mikono yetu haitetemeki.

Mwana wa kaka yako,
Paulo Kalenga