Baraka Niliyotoa kwa Jina Lako

Hayes, London
Jumamosi, 21 Machi

Kwa Nyanya yangu mpendwa,

Kabla ya neno lolote, pokea salamu zangu za heshima na za wote walio chini ya paa hili. Goti lako la kushoto linaendeleaje? Baba anasema ulilipaka dawa ya ng'ombe likapona. Mama anasema jambo hilo lisitajwe mbele ya watu, kwa kuwa yeye ni muuguzi. Na yule ng'ombe aliyempiga teke daktari wa mifugo, je, ametulia, au bado daktari anapitia mlango wa nyuma?

Sisi huku tu wazima. Baba bado anaendesha basi, Mama bado ana zamu nyingi hospitalini, nami nimetimiza miaka kumi na mitatu na nimefungwa nyaya za chuma kwenye meno ili yanyooke. Naomba uzikumbuke nyaya hizo, kwa sababu zitarudi mbele katika barua hii. Mwalimu Lydia, anayetufundisha Kiswahili kila Jumamosi kanisani kule Tottenham, hutuambia kwamba kitu kitakachohitajika mwishoni kitajwe mapema. Barua yenyewe hajaisoma. Nimemwambia ni ya siri, akaniazima kamusi bila kuniuliza zaidi.

Utashangaa kwa nini nakuandikia ilhali tunazungumza nawe kila Jumapili. Sababu ni kwamba simu yetu huwekwa mezani ikiwa na sauti ya wazi, na watu wote huinama juu yake kana kwamba ni sufuria ya chakula. Siri haiwezi kupita hapo. Kwa hiyo nimempa Hillary, jirani yetu anayekuja likizo huko Nkubu, bahasha hii na kumwambia ina picha yangu ya shule. Picha imo kweli, kwa hiyo sikusema uongo. Nakuomba uisome mwenyewe, usimpe mtu akusomee kwa sauti.

Habari inamhusu mwanao wa mwisho, Baba Mdogo Zephaniah. Unajua kwamba kwa miaka kumi na mmoja amekuwa akipakia trei za chakula cha abiria wa ndege katika ghala lililo karibu na uwanja. Anazijua ndege kwa matumbo yake, lakini yeye mwenyewe hupanda moja tu, ile ya kuja kwako. Mwezi wa kwanza alisikia kazini kwamba mwenye pasipoti ya Uingereza, kama aliyo nayo sasa, anaweza kuomba viza ya kwenda Australia mwaka mzima, kutembea huku akifanya kazi. Viza hiyo ni ya vijana. Mwisho wa ujana, kwa hesabu ya Waaustralia, ni siku moja kabla mtu hajatimiza miaka thelathini na sita. Baba Mdogo alikuwa atimize tarehe kumi na nne Machi.

Alipotangaza habari hiyo mezani, Baba alimuuliza atafanya kazi gani huko. Akajibu kwamba kuna mashamba makubwa yanayotafuta watu wa kuchunga ng'ombe. Baba aliweka kijiko chini. Alimwambia kwamba alipokuwa na miaka kumi na sita aliwakimbia ng'ombe wa mama yake, ambao ni wanne na wanajulikana kwa majina, na sasa anataka kuvuka dunia akachunge elfu nne ambao hata hawajatambulishwa kwake. Mama alicheka hadi akapaliwa. Baba Mdogo alisema kwa upole kwamba wale wa Australia huchungwa kwa helikopta.

Kazi ya kujaza fomu ilinijia mimi, kwa sababu ndimi ninayejaza fomu zote za nyumba hii. Nyanya, hapo unielewe vizuri. Tangu nizaliwe nikapewa jina lako, Baba Mdogo hajawahi kuniita Gakii. Huniita Mama. Nikiingia sebuleni hunipisha kiti. Hawezi kunituma chumvi, kwa kuwa mtu hamtumi mama yake, ingawa Mama wa kweli hunituma bila shida yoyote. Nimeizoea heshima hiyo na sikuwahi kuiona kuwa jambo kubwa mpaka fomu ilipouliza kama mwombaji anasaidiwa na mtu, na mtu huyo ni nani wake. Baba Mdogo alisema niandike mama. Nilimweleza kwamba Waaustralia wakiona mama ana miaka kumi na mitatu na mtoto thelathini na mitano, hawatatoa viza, watatuma daktari. Nikaandika mpwa. Alisema nimejidharau.

Maswali mengine yalituchukua siku tatu. Fomu iliuliza kama amewahi kujulikana kwa majina mengine. Akataka niandike Spana, kwa sababu alikuwa akitengeneza baiskeli shuleni, na Mzee wa Trei, ambalo ni jina lake la ghalani. Nilimwambia wanataka majina ya kwenye hati. Akaniuliza, je, akikutana huko Australia na mtu wa Nkubu amwite Spana mbele ya polisi, ataonekanaje? Halafu fomu ikauliza kama amewahi kutiwa hatiani kwa kosa lolote. Alivua kofia. Aliniambia kwamba chifu aliwahi kumtoza jogoo kwa sababu ng'ombe wako aliingia katika mahindi yake, na kwamba huyo jogoo hakuwa wenu bali alimwazima kwa jirani bila kumwambia. Sijui kama ulikuwa ukilijua hilo. Nilimshauri kwamba kosa lilikuwa la ng'ombe, tukaandika hapana.

Fomu ikakamilika. Ikabaki kubonyeza kitufe kimoja tu, nacho ni cha bluu. Baba Mdogo alikinyoshea kidole, kidole kikasimama hewani, akakirudisha mfukoni. Alisema hawezi kwenda mbali hivyo bila baraka za mama yake. Alinikumbusha kwamba alipokuja London ulikunywa funda la maji yenye asali, ukamnyunyizia kifuani na viganjani, ukamwambia njia iwe nyeupe, na ndiyo maana hajawahi kukosa kazi hata siku moja.

Basi akapanga kukuomba kwa simu. Kama unakumbuka, Jumapili ya kwanza ulimuuliza ataoa lini, akakujibu kwa kukuuliza kama mvua imenyesha. Jumapili ya pili ulimuuliza tena, naye akauliza tena kuhusu mvua, ukamwambia mvua haijabadilika tangu wiki iliyopita. Jumapili ya tatu alijikaza. Alianza kusema kwamba mtu akipata nafasi ya kwenda mbele kidogo, mama yake angeonaje. Wewe ukasema ngoja, ng'ombe ameingia kwenye kabichi, ukaiacha simu juu ya ua. Tulikaa dakika kumi na moja tukimsikiliza yule ng'ombe akitafuna. Baba Mdogo hakukata simu. Alikaa na mikono magotini kama mtu aliye kwenye foleni, hata salio likaisha. Hiyo ilikuwa tarehe nane.

Tarehe kumi na mbili, siku ya Alhamisi, nilirudi kutoka shuleni nikamkuta jikoni amevaa suti ya harusi ya Baba. Mezani palikuwa na glasi ya maji na asali ya dukani, ile ya chupa yenye umbo la dubu. Baba alikuwa amesimama mlangoni na funguo za gari mkononi. Mama alianza kucheka, kisha akamtazama Baba Mdogo usoni, akaacha. Baba Mdogo alipiga magoti kwenye sakafu na kuniambia, "Mama, nimekuja kuaga. Zimebaki siku mbili, na yule wa nyumbani sijampata. Nawe ndiwe yeye."

Nilimwambia kwamba sijabadilisha hata sare ya shule. Nilimwambia Baba kwamba mimi ni mtoto. Baba hutania kila kitu na nilitarajia atanie na hilo pia, lakini alisema, "Jina halina miaka, Gakii. Kama unaona huwezi, sema huwezi. Lakini usiseme si lako."

Nikakoroga asali. Nikanywa funda kubwa. Hapa ndipo nyaya za meno zinaporudi. Mtu mwenye meno ya kawaida hunyunyiza mbele, lakini mimi maji yalitoka pande zote. Yalimpata Baba Mdogo kifuani, yakaipata tai, yakampata Mama, na asali nyingine iko mpaka leo kwenye saa ya jiko la umeme. Hakuna aliyejipangusa. Nikasema njia iwe nyeupe, uende salama na urudi salama, na ng'ombe wa watu wakuheshimu. Hilo la mwisho nililiongeza mwenyewe. Baba Mdogo alilia kwa sauti ndogo. Kisha akaniuliza kama natoa baraka hiyo kwa moyo wote, nikasema ndiyo. Akainuka, akabonyeza kitufe kwa kidole chenye asali, na viza ikaja siku ya Jumatatu.

Sasa nafika pale nilipokuwa naogopa kufika. Nyanya, haukuwa moyo wote. Labda ulikuwa nusu. Unajua kwamba nalala chumba kimoja na kabati la nguo za kazi za Mama, na hesabu zangu nazifanyia juu ya ubao wa kupigia pasi, ambao huyumba nikifuta. Baba Mdogo ana chumba kidogo chenye dirisha. Wiki mbili kabla ya siku ile, alipokuwa kazini, niliingia humo na rula yangu ya shule nikapima ukuta. Ni sentimita mia moja na ishirini na nne. Meza inaenea. Aliponiuliza kama natoa kwa moyo wote, mimi nilikuwa nimeiona meza hiyo akilini, pamoja na taa yake. Nilimruhusu mwanao aende upande wa pili wa dunia kwa ajili ya ukuta, tena kwa jina lako.

Na si hilo tu. Jumanne, siku moja baada ya viza kuja, nilikuta kitanda chake kimesukumwa kando na chini ya dirisha ipo meza mpya. Alikuwa ameiunga mwenyewe, na skrubu moja ilibaki ambayo hatujui ni ya wapi. Alisema aliniona nikipima, kwa sababu siku ile alikuwa amesahau kofia akarudi kuichukua, akaniacha nimalize. Alisema mama yake hakuwahi kuwa na meza ya kusomea, kwa hiyo huyu wa pili asikose. Nilitaka kumwambia yote hapo hapo. Nikaanza kulia, akadhani ni furaha, akanipisha kiti.

Tangu siku hiyo nimejua kwamba sitaki aende. Akiondoka, nitabaki Gakii wa kutumwa chumvi tu, na hakuna atakayesimama nikiingia. Lakini tiketi imenunuliwa, ataruka tarehe tatu Mei, na amepanga kukwambia siku ya Pasaka, akiwa na hakika kwamba umeshakubali. Anasema hata goti lako likiuma siku hiyo, huwezi kurudisha neno lako mwenyewe.

Kwa hiyo nakuomba mambo mawili. Kwanza unisamehe kwa kulitumia jina lako vibaya. Pili, kama unaona moyoni kwamba anaweza kwenda, tafadhali umpe baraka yenye nusu iliyobaki, siku hiyo hiyo ya Pasaka, na umfunge ng'ombe kwanza. Kama huoni hivyo, niambie mimi, usimwambie yeye, kwa sababu aliyemruhusu ni mimi. Skrubu iliyobaki nimeitia katika bahasha pamoja na picha. Itunze. Ukimbariki, mpe Hillary airudishe, nami nitajua kwamba naweza kuikalia meza hiyo.

Nisalimie jirani mwenye jogoo, lakini usimweleze lolote. Wape heri wote wanaoniuliza, na goti lako lipate nguvu za kukufikisha kanisani na kukurudisha. Barua hii nimeiandikia juu ya ubao wa kupigia pasi, ndiyo maana mistari imepanda na kushuka. Meza bado ina karatasi yake ya dukani.

Ni mimi ninayekushikia jina,

Gakii